Nukta kwenye ramani haikamati mwizi: barua ya wazi kuhusu wizi wa magari na pikipiki

Kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Mkuu wa Jeshi la Polisi, na wakuu wa TRA (mapato), TCRA (mawasiliano), TBS (viwango), TIRA (bima) na LATRA (usafiri wa ardhini)

Waheshimiwa,

Kutoka Moshi mjini hadi mpaka wa Holili ni kama kilomita 40. Arusha hadi Namanga ni kama 110. Tanga hadi Horohoro hazifiki 70. Gari likitolewa uani saa nane usiku, adhana ya alfajiri inaweza kulikuta upande wa pili wa mpaka, au limeshaingizwa kwenye ua wenye geti refu na kuanza kufunguliwa vipuri. Ndani ya saa hizo mbili tatu, mwenye gari mara nyingi analiona gari lake kwenye simu. Nukta inasogea, inapita Himo, inaendelea. Anachokosa ni mtu wa kumkabidhi nukta hiyo, mwenye mamlaka ya kusimamisha gari, wakati huo huo.

Tunaoandika ni mafundi wa umeme wa magari na wafungaji wa vifaa vya kufuatilia vyombo vya moto. Vifaa vipo nchini kwa wingi, na wananchi wanavilipia: fedha ya kununua, ya kufunga, ya mwezi au ya mwaka. Tunaona vikiuzwa kwa ahadi kwamba gari likiibwa litapatikana. Kwa jinsi mambo yalivyo leo ahadi hiyo haina wa kuitimiza, kwa sababu anayeuza kifaa hana mamlaka ya kukamata, na mwenye mamlaka ya kukamata haoni ramani.

Tuanze hapo, kwa kuwa ndilo ombi letu kubwa.

Mwaka 1986, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilianza kutumia mfumo wa LoJack. Ndani ya gari kulifichwa kisambaza mawimbi ya redio kwenye masafa ya megahezi 173.075, na magari ya polisi yakafungwa vipokezi. Ubora wa mfumo ule haukuwa kwenye redio peke yake. Askari alipoingiza taarifa ya wizi kwenye kompyuta ya polisi, taarifa hiyo yenyewe ndiyo iliyoamsha kifaa kilichokuwa kimelala ndani ya gari, na gari la doria lililokuwa karibu likaanza kupokea mlio na kuonyeshwa upande wa kufuata. Hakukuwa na barua ya kuombea kibali wala mtu wa kuamshwa kwa simu. Kuandika taarifa na kuanza kufuatilia vilikuwa tendo moja.

Hapa kwetu ni matendo manne yaliyotengana. Mwenye gari anatakiwa kufika kituoni na kadi ya gari, kuandika maelezo na kupata RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Kisha mpelelezi anapangiwa jalada. Kisha anatafutwa mtoa huduma wa GPS, ambaye ofisi yake hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kisha picha ya ramani inatumwa kwa WhatsApp, na inapofunguliwa ni picha ya mahali gari lilipokuwa dakika ishirini zilizopita. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dakika ishirini ni kilomita 26 na zaidi. Askari akifika pale pichani anakuta barabara tupu.

Tunachoomba kinawezekana kwa miundombinu iliyopo. LATRA tayari ina mfumo wa VTS unaopokea taarifa za mwendo wa mabasi ya mikoani kutoka kwenye vifaa vya wauzaji tofauti. Maana yake serikali imeshajua namna ya kuwaambia wauzaji wengi watume taarifa mahali pamoja kwa mpangilio mmoja. Tunaomba utaratibu kama huo kwa wizi: namba ya RB ikishaingizwa pamoja na namba ya usajili na namba ya chesisi, mfumo wa mtoa huduma ufungue kiungo cha moja kwa moja kwa ofisa wa zamu, kwa saa 72, kisha kijifunge. Ofisa asihitaji kompyuta maalumu. Simu yake na kivinjari vinatosha. Kiungo kionyeshe mambo sita tu: namba ya gari, rangi na aina, mahali lilipo, mwendo, upande linakoelekea, na saa ya taarifa ya mwisho. Na kila aliyekifungua aandikwe na mfumo, jina na dakika, ili baadaye ijulikane nani aliona nini. Mtoa huduma yeyote anayeuza kifaa kwa jina la ulinzi awe na mtu anayepokea simu saa 24. Asiyeweza, auze kifaa chake kwa jina la kupimia mafuta au safari, asikiite ulinzi.

Kuna jambo dogo hapo ambalo limeshaharibu ushahidi mzuri: saa. Seva nyingi za vifaa hivi huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Ripoti ikichapishwa bila kusahihishwa, gari lililoibwa saa nane usiku linasomeka kuwa liliondoka saa 23:00 ya jana yake. Juu ya hapo shahidi anasema "saa nane", karani anaandika 08:00, na tayari kuna nyakati tatu za tukio moja. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali taarifa za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini mahakama huangalia zilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo ripoti zote za watoa huduma zichapishwe kwa Saa za Afrika Mashariki kwa mtindo wa saa 24, zikitaja IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa, na ziwe na safu mbili za muda: muda ambao kifaa kilipima mahali, na muda ambao seva ilipokea. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo inayoonyesha kama gari lilipita sehemu isiyo na mtandao au kama mawimbi yalizibwa.

Sasa, nukta yenyewe. Watu husema "gari lina GPS" wakidhani GPS ndiyo inayotoa taarifa. Sehemu ya GPS ndani ya kifaa inasikiliza tu: inapokea mawimbi ya setilaiti, ikipata nne au zaidi inapiga hesabu ya mahali ilipo, na penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Anayezungumza ni laini ya simu iliyomo ndani yake. Laini ikikosa bando, kifaa kinaendelea kujua kilipo lakini hakimwambii mtu. Hii ndiyo hitilafu inayoongoza, na ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia. Kifaa kinachotuma mahali kila sekunde 30 gari likitembea hutumia data kidogo mno, mara nyingi hakifiki MB 50 kwa mwezi. Tatizo ni bando kuisha muda wake, au laini kufungwa kwa sababu ilisajiliwa kwa alama za vidole za fundi aliyehama kazi. TCRA, tunaomba aina ya laini ya vifaa peke yake: isajiliwe kwa jina la mwenye gari na kufungamanishwa na IMEI ya kifaa kimoja, isikubali kupigiwa wala kupiga, na ikihamishiwa kwenye simu isifanye kazi. Na mtoa huduma awajibike kumtumia mwenye gari ujumbe kila kifaa kinapokaa kimya kwa saa 24. Mtu asigundue siku ya wizi kwamba kifaa chake kilinyamaza tangu Februari.

Ufungaji nao hausimamiwi ipasavyo. Anayefunga mfumo wa gesi kwenye gari anaulizwa cheti. Anayekata waya wa pampu ya mafuta kwenye gari linalobeba watoto wa shule haulizwi chochote. Tueleze kwa kina, maana watu wanaweza kufa kwa kosa hili.

Kifaa kinahitaji waya wa moto wa kudumu kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake ya ampea 2 au 3 iliyowekwa karibu na pale waya unapochukuliwa, siyo karibu na kifaa. Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Waya wa tatu huchukuliwa kwenye swichi ili kifaa kijue kama gari limewashwa. Viungo vilehemiwe na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota waya na kuzungushia tepu, kama inavyofanyika kila kona, kunadumu hadi joto la Dar es Salaam liyeyushe gundi ya tepu. Hapo waya unacheza, kifaa kinawaka na kuzima, na betri yake ya akiba inaisha. Betri hiyo ya akiba si kubwa. Nyingi ni kati ya milliampea-saa 150 na 300, zinazotosha saa chache tu baada ya mwizi kukata waya wa gari.

Mahali pa kukificha: wezi wanajua chini ya usukani, nyuma ya redio na kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia gari, kwa sababu huko ndiko wafungaji wenye haraka hukiweka kila mara. Uso wa antena lazima utazame juu, na juu yake pawe na plastiki au kitambaa. Bati likiwa juu yake, setilaiti hazionekani.

Halafu rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuzima injini. Rilei ya kawaida ina miguu mitano: 85 na 86 ni koili, 30 ni mlango wa kuingilia, 87a ni njia inayopitisha umeme rilei ikiwa imelala, na 87 ni njia inayopitisha umeme ikiamka. Waya wa pampu ukipitishwa 30 hadi 87a, kifaa kikifa gari linaendelea kutembea. Amri ya kuzima ndiyo inayokata. Ukipitishwa 30 hadi 87, kifaa kikipata hitilafu gari linazima lenyewe, hata likiwa katikati ya mteremko wa Kitonga. Tunataka njia ya pili ipigwe marufuku kwenye gari lolote la abiria. Pampu ya mafuta ya petroli huvuta ampea kama 5 hadi 8, na zaidi kwenye magari makubwa. Rilei ndogo ya ampea 10 iliyobandikwa ndani ya kifaa cha bei rahisi inapata joto kila siku, midomo yake inaungua, na siku moja gari linakata mafuta bila amri ya mtu. Itumike ya ampea 30 au 40, na waya usiwe mwembamba kuliko waya wa kiwandani uliokatwa. Kwenye koili iwekwe diodi, 1N4007 inatosha, la sivyo mshtuko wa umeme unaorudi koili inapoachia unaua kifaa taratibu. Lori na mabasi ni volti 24: rilei ya volti 12 ikifungwa huko, koili inaungua.

Kubwa kuliko yote ni amri yenyewe. Injini ikizimwa gari likiwa kwenye mwendo, usukani wa pawa unakuwa mzito na baada ya kukanyaga mara chache breki inapoteza msaada wake. Gari la tani mbili lililo kwenye kilomita 90 kwa saa linakuwa hatari kwa mwizi, kwa bodaboda aliye mbele yake na kwa mama anayevuka barabara. Kwa hiyo seva isikubali kutekeleza amri ya kuzima kama mwendo umezidi kilomita 20 kwa saa. Iitunze amri, isubiri gari lisimame, ndipo ikate, na gari lisiwake tena. Njia salama zaidi ni kukata saketi ya stata badala ya pampu: gari linalotembea haliguswi, lililosimama haliwaki. Tunapendekeza hii ndiyo iwe kanuni, na kukata pampu kuruhusiwe kwa sababu maalumu tu.

Kanuni hiyo iwabane pia wakopeshaji. Siku hizi anayekopeshwa kwa dhamana ya gari, au pikipiki ya mkataba, hufungiwa kifaa cha kuzima, na malipo yakichelewa chombo kinazimwa. Mkopo ni makubaliano yao, na hatuingii huko. Lakini hakuna deni linalohalalisha kuzima chombo barabarani, na tunaomba hilo liandikwe wazi katika kanuni kabla halijaua mtu.

TBS, kiwango cha ufungaji kinachobeba hayo tuliyoyataja kinaenea kwenye kurasa mbili. Fundi aliyefaulu apewe namba, na kila gari alilofunga libaki na hati ndogo kwa mwenyewe: IMEI, namba ya laini, waya uliokatwa, aina ya rilei, na jinsi ya kuiondoa. Ile hati ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana fundi anayefuata akikuta waya asioujua, huukata.

Kuhusu vifaa vya kuziba mawimbi tutasema kwa ufupi. Vinachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, vinafunika mawimbi ya setilaiti na ya simu kwa mita kadhaa, na nukta inapotea. TCRA na forodha wavizuie bandarini na sokoni. Kwa upande wa kifaa kuna dawa: vifaa vizuri hutambua kwamba mawimbi yamefunikwa na hufanya jambo hapo hapo bila kungoja seva, kwa mfano kupiga king'ora na kukata stata gari likisimama. Aidha hutunza kumbukumbu ya safari na kuituma yote mara mawimbi yakirudi. Kiwango cha TBS kidai mambo hayo mawili.

Dawa nyingine ni kifaa cha pili, kidogo, kisichounganishwa na waya wowote wa gari. Kina betri yake isiyochajiwa, kinalala muda wote, kinaamka mara moja kwa siku, kinatuma mahali kilipo, kinalala tena. Kwa mtindo huo hudumu miaka mitatu na zaidi. Kwa kuwa kimelala, hata mwenye chombo cha kunusa mawimbi hakisikii. Mwaka 2015 polisi wa Uganda walikamata mjini Kampala magari ya kifahari zaidi ya 20 yaliyoibwa Uingereza, na kilichowafikisha huko ni kifaa kilichokuwa ndani ya Lexus moja: kilionekana Ufaransa, kikaonekana Oman, kikatokea Mombasa, kikaishia Uganda. Ndani ya kontena la chuma kifaa hakisikiki, lakini kila kontena hufunguliwa siku moja. Njia ile ya bahari, Ghuba hadi pwani yetu, ni ya zamani kuliko magari, na bandari zetu ziko juu yake.

Tuje kwenye kuzuia, kwa sababu gari lisiloibwa halihitaji kutafutwa.

Kinachozuia kuliko vyote ni imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu isiyo na betri. Koili iliyozunguka tundu la swichi huirushia nguvu ya mawimbi kwa umbali wa sentimita chache, chipu inajibu, na kontroli boksi ikilikataa jibu, injini inanyimwa mafuta au moto. Ulaya ililazimisha kila gari jipya dogo kuwa nayo tangu 1998, Australia tangu 2001, Canada tangu 2007. Marekani haikulazimisha, na matokeo yake yakaonekana wazi: magari mengi ya Kia na Hyundai ya miaka ya 2011 hadi 2021, yale ya kuwashwa kwa ufunguo wa kuzungusha, yaliuzwa huko bila imobilaiza. Njia ya kuyaiba ikasambaa kwa video mtandaoni, vijana wadogo wakawa wanayachukua, na Februari 2023 kampuni zikatangaza marekebisho ya programu kwa magari yapatayo milioni 8.3.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Japani nayo haikulazimisha, na magari mengi ya mtumba tunayoyapenda, hasa ya kazi na ya bei ya chini ya miaka ya nyuma, yanashuka bandarini na ufunguo wa chuma mtupu. Mnunuzi haambiwi. Tunaomba ukaguzi wa gari linaloingia uwe na mstari mmoja zaidi: lina imobilaiza au halina. Kupima ni kazi ya dakika chache kwa fundi. Lisizuiwe kuingia, watu wanahitaji usafiri. Ila jibu liandikwe kwenye taarifa ya ukaguzi, ili mnunuzi ajue anachonunua na kampuni ya bima ijue inachokikatia bima kubwa.

Magari ya kuwashwa kwa kitufe yana ugonjwa wake. Ufunguo ukiwa ndani ya nyumba karibu na mlango, watu wawili wenye vifaa vya kupokezana mawimbi wanaweza kulifanya gari liamini ufunguo uko karibu. Watafiti wa Zurich walilionyesha hilo mwaka 2011 kwa magari 10 ya watengenezaji 8. Kinga haina gharama: ufunguo ukae mbali na mlango, ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko. Na funguo nyingi za Toyota za aina hiyo zinaweza kulazwa kabisa: shikilia kitufe cha kufunga, kisha bonyeza cha kufungua mara mbili, taa ndogo ikimeta mara nne, ufunguo umelala na haujibu mpaka ubonyezwe tena. Jeshi la Polisi linaweza kuyasema haya redioni kesho asubuhi.

Upo pia wizi wa kuingilia nyaya za mawasiliano za gari, zile mbili za CAN, kupitia nyuma ya taa ya mbele au bampa. Ulielezwa kwa undani Aprili 2023 baada ya Toyota RAV4 kuibwa London, na Japani Land Cruiser na Lexus zimeandamwa sana kwa njia hiyo. Hapo imobilaiza ya kiwandani haisaidii, kwa kuwa gari linaambiwa na mtandao wake wenyewe kwamba ufunguo ni halali. Kinachosaidia ni swichi ya siri inayokata stata bila kupitia CAN, na usukani kufungwa kwa chuma. Wenye Land Cruiser nchini, zikiwemo za serikali, wangefaa kulijua hili mapema.

Bodaboda wanastahili aya yao. Pikipiki ndogo nyingi hazina chipu wala kontroli boksi ya kukataa. Swichi yake ni kitu cha kuwashia na kuzimia, haikuundwa kuwa ulinzi. Kijana wa mkataba anayemlipa mwenye pikipiki kila siku, ikiibwa anabaki na deni bila chombo cha kulilipia. Kumwambia anunue kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya gari ni kumpotezea fedha. Betri ya pikipiki ni ya ampea-saa 5 hadi 9. Kifaa kinachovuta milliampea 30 bila kulala kinakula ampea-saa 0.72 kwa siku. Pikipiki iliyoegeshwa kwa ugonjwa siku nne, betri ya 5 imeshuka zaidi ya nusu. Anachohitaji ni kifaa kinachoshuka hadi milliampea chache kikilala na kuamshwa na mtikisiko, kilichozibwa kisipenye maji kwa sababu kitaoshwa kwa maji ya presha kila wiki, na kufungwa chini ya tangi badala ya chini ya kiti. Kodi ya vifaa vya namna hiyo iangaliwe upya. Vyama vya bodaboda vikinunua kwa pamoja, bei inashuka.

TIRA, bima kubwa nyingi zinadai kifaa lakini hazikikagui kama kinafanya kazi. Punguzo litolewe kwa anayeonyesha ripoti ya kifaa hai ya kila robo mwaka. Wachumi Ian Ayres na Steven Levitt walipochunguza LoJack mwaka 1998 waliona kwamba faida yake kubwa iliwaendea hata wasiokuwa nayo, kwa sababu mwizi hawezi kujua ni gari lipi limefichwa kifaa. Ndiyo maana mtu mmoja mmoja hununua vichache kuliko jamii inavyohitaji, na ndiyo maana punguzo la bima linafaa kuwa la kweli.

Kuna upande wa pili wa nukta, na hatutaki mtusikie tukidai ufuatiliaji tu. Anayeona gari lako liko Dodoma anajua nyumba yako ya Kimara haina mtu. Julai 2022 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa tahadhari kuhusu kifaa cha MiCODUS MV720: kilikuwa na udhaifu uliomwezesha mtu wa mbali kufuata gari na hata kulikatia mafuta. Neno la siri la kiwandani lilikuwa 123456, na vifaa vya kampuni hiyo vilikadiriwa kufikia milioni 1.5 katika nchi 169. Vifaa vingine vingi vinauzwa na neno la siri lile lile, na mafundi wengi hawalibadilishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawagusa watoa huduma hawa wote. Wasajiliwe chini yake, wafute akaunti za wafanyakazi walioondoka, wabadilishe maneno ya siri kabla kifaa hakijatoka dukani, na TCRA isiidhinishe kifaa kinachokataa kubadilishwa neno la siri.

La mwisho ni karatasi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Ulaya. Yana namba fupi ya fremu, yenye kistari katikati. Mfumo mmoja ukiiandika na kistari na mwingine bila kistari, au karani akajaza sifuri mbele ili kuziba nafasi, kompyuta inaona magari mawili. Gari lililotangazwa kuibwa Arusha linapita mpakani kama lisilo na kosa. Kanzidata ya magari yaliyoibwa ya INTERPOL nayo hutafuta kwa namba hiyo hiyo. TRA, forodha na Polisi wakubaliane jinsi moja ya kuiandika, na msoma namba wa Holili, Namanga, Sirari, Tunduma na Mutukula awe na orodha ya RB iliyosasishwa kila baada ya dakika tano, siyo kila asubuhi.

Tukiulizwa lipi litangulie, ni kiungo cha saa 72 kati ya RB na mtoa huduma. Kianze kwa mkoa mmoja wa mpakani, Kilimanjaro au Arusha, kwa miezi sita, na tarakimu zake zitangazwe: RB ngapi zilifunguliwa, kiungo kilichukua dakika ngapi kufunguka, magari mangapi yalisimamishwa kabla ya mpaka. Michoro ya nyaya, orodha ya majaribio ya kifaa na rasimu ya hati ya ufungaji tunazo, na tutazileta mtakapotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi wa umeme wa magari na wafungaji wa vifaa vya kufuatilia vyombo vya moto